Jiwe la Espérance

Nimesikia mmeteuliwa kwenye ile kamati yetu ya ushauri, ile yenye kazi ya kumwambia rekta ni nani anabaki nje ya mlango wa chuo kikuu, na kwa nini. Hongereni, wanangu, na poleni pia. Mimi Mama Vumilia niliikalia kamati hiyo mpaka magoti yakakataa, na kabla ya hapo nilikuwa katibu wa fakilte, kwa hiyo wengi wa hapa Goma wanaotembea na diploma walipita mbele ya meza yangu wakiwa wamekonda. Sasa niko nyumbani Majengo. Nimestaafu kwenye kelele, maana jirani yangu ana mashine ya kusaga mahindi, lakini kichwa bado ni kizima na mdomo ndio usiseme.

Nianze na viti. Watawapeleka kwenye ukumbi wa mikutano wa rekta, ule wa ghorofani, wenye viti vya ngozi. Msivizoee. Viti vile vinaleta usingizi na Kifaransa. Mtu akishazama pale, haachi tena jambo liitwe kwa jina lake. Aliyekuwa akisema nje kwamba mlango ni mwembamba, akikaa anaanza kuzungumzia mikakati. Nimewaona watu wa maana kabisa wakipotelea katika viti vile, na mimi mwenyewe nilikuwa navipenda, hasa mvua ikinyesha.

Mwenyekiti wetu wa kwanza alikuwa Muzee Kasereka, profesa wa sheria aliyestaafu, mtu wa Butembo, mrefu, mwenye koti zito alilovaa hata jua likiwaka. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi hii. Kabla ya kila mkutano alizunguka chuo kizima, mikono nyuma, kama mtu anayetafuta mbuzi aliyekata kamba. Siku moja nilimuuliza anatafuta nini.

"Naangalia wenye kusimama," akaniambia. "Wale wamekaa nao wako na shida zao, mama, lakini wako na kiti. Sisi tuanze na mwenye kusimama."

Jambo la pili alilonifundisha ni swali. Msimuulize mwanafunzi, "Una shida gani?" Watu wetu wameulizwa swali hilo na kila gari lenye bendera lililowahi kupita Goma, na jibu lake wanalo tayari, limepigwa pasi. Muulizeni amefikaje. Hapo atawasimulia njia, na ndani ya njia mtaikuta shida imekaa inawasubiri.

Msidhani tulizaliwa na akili hiyo. Kazi yetu ya kwanza kubwa ilikuwa mteremko wa viti vya magurudumu, kwenye mlango wa maktaba. Fundi aliujenga kwa mawe yetu haya meusi ya volkano, akausuka vizuri, ukapendeza machoni. Siku ya kuuzindua rekta alikata utepe, akapanda mwenyewe, akateleza katikati, akajifanya anainama kusalimia mtoto. Ulikuwa mkali mno. Sisi wote wa kamati tulipiga makofi, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemwita mtu wa kiti cha magurudumu aje aujaribu. Aliyeupenda kweli ni mbuzi wa mlinzi, alilala pale kila adhuhuri. Baadaye tuliubomoa, tukajenga mwingine mrefu zaidi, na safari hiyo tuliita watu.

Lakini niliyotaka kuwaambia leo si ya mteremko. Ni ya jiwe.

Ninyi wa siku hizi mnajua desturi ya mawe, ila huenda hamjui ilikotoka. Ukumbi wa masomo, oditwari kama tunavyouita, ulikuwa mdogo na wanafunzi wengi. Basi kila mmoja alijiokotea jiwe lake, na mawe ndiyo tuliyo nayo, akalitia alama ya rangi, akaja alfajiri kuliweka juu ya benchi. Jiwe likishakaa, nafasi ina mwenyewe. Unaweza kwenda kunywa chai, kwenda kupiga simu, hakuna wa kuligusa. Ni kama bidoni, dumu la maji, kwenye foleni ya bomba. Mtu anaweza kukuibia kuku hapa mjini, lakini bidoni yako haitoi kwenye foleni.

Shida ilianza watu walipoanza kuwawekea ndugu zao. Wa Butembo na Beni wakajishikia benchi za mbele upande wa madirisha, wa Rutshuru na Masisi wakajibu upande wa ukuta. Mmoja alikuja na mawe mfukoni, mwenzake akaja na karai. Halafu asubuhi moja, wanangu, upande mmoja uliingia na chukudu. Chukudu nzima, ile ya mbao ya magurudumu mawili, ya kubebea viazi na makaa, imejaa mawe hadi juu! Mlinzi aliwafungulia akidhani ni mafundi. Upande wa pili ulipofika ukakuta oditwari yote imeshikwa, na mawe yakaacha kushika nafasi yakaanza kuruka. Kijana mmoja wa Beni, wa mwaka wa kwanza, jina lake Kambale, alipasuliwa juu ya jicho. Nilimfunga kwa kitambaa changu cha kichwa, damu ikanilowanisha mpaka kiunoni. Niliogopa kweli, maana sisi hapa tunajua vitu vikubwa vinavyoanza kwa vidogo kama hivyo. Mama yangu ni wa Masisi na marehemu mume wangu alikuwa wa Butembo. Maisha yangu yote kila upande umenihesabu upande wa pili, kwa hiyo ugomvi wa namna hiyo unanipita katikati ya tumbo.

Kamati ilikaa, na tukaandika kanuni. Kila mtu jiwe moja, na ataliweka kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna kumwekea ndugu, hakuna kumwekea rafiki. Ilikuwa kanuni nzuri, fupi, ya haki. Ugomvi ukaisha. Watu walianza kukaa wamechanganyika, wa Beni pembeni ya wa Masisi, wakinakiliana makosa yale yale. Tulijisifu sana kwa kanuni ile. Kambale naye, mwenye kovu lake juu ya jicho, alichaguliwa mwaka uliofuata kuwa kiongozi wa darasa, na akailinda kanuni kama mboni ya jicho, na nadhani hapo mfano ulimfaa.

Ndipo akaja Espérance.

Alikuwa msichana wa Rutshuru, amekimbia vita na familia yake, wakaishi Kanyaruchinya, nje ya mji, kwenye mahema, wakati ule mahema yalikuwa bado yamefunika pale pote. Polio ilimchukua mguu mmoja akiwa mtoto mdogo, akawa anatembea na magongo mawili. Alikuwa ameanza sheria kwingine, akaingia kwetu mwaka wa pili. Muzee Kasereka alimwona katika mizunguko yake. Alirudi ofisini kwangu, akakaa bila kuvua koti.

"Kuko binti anasimama ku dirisha," akasema. "Kila siku. Nje."

Nilikwenda kuona. Oditwari imejaa, mlango umejaa, na nje ya dirisha wako wale waliochelewa, wamesimama juu ya mawe, madaftari ukutani, wanaandika. Espérance alikuwa kati yao, ila hakuwa anaandika. Mwanzoni nilidhani ni mvivu, Mungu anisamehe. Kisha nikaangalia mikono yake. Mtu wa magongo akisimama, mikono yote miwili ina kazi. Hana mkono wa kuandikia. Alikuwa anasikiliza tu, midomo inatembea, anajaribu kuyabeba masomo yote kichwani hadi Kanyaruchinya.

Sasa tazameni jinsi kamati yenye viti vya ngozi inavyofanya haraka. Hatukumuuliza kitu. Tulinunua benchi, tukalipaka rangi ya njano, tukachora mtu wa kiti cha magurudumu, tukaliweka mbele kabisa, karibu na mwalimu, tukapiga picha. Wiki ikapita, benchi tupu. Ya pili ikapita, tupu. Oditwari imejaa hadi watu wanakaa madirishani, na lile benchi la njano linang'aa katikati kama gari la rais, hakuna wa kulikalia. Espérance yuko dirishani. Matokeo ya mitihani ya nusu mwaka yalipotoka, alikuwa ameanguka karibu kila somo. Kanuni za chuo zilisema akianguka tena mwisho wa mwaka, anatoka.

Hapo ndipo tulipomwita, na tulimwita wapi? Ghorofani. Tulikaa tukimngoja, tukaona anachelewa, mmoja wetu akatazama saa akasema vijana wa leo hawana heshima. Mlango ukafunguka, akaingia akiwa na vumbi jeupe kwenye sketi, nyuma yote. Kambale alikuwepo pia, kwa kuwa kiongozi wa darasa. Muzee Kasereka aliuliza swali lake.

"Binti yangu, umefika hapa namna gani?"

"Niko natoka Kanyaruchinya, muzee," akajibu. "Kuko papa mumoja wa chukudu, analetaka viazi ku soko ya Birere. Ananibebaka juu ya viazi. Akichelewa kupakia, na mi nachelewa."

"Na hapa yulu, ku ngazi?"

"Hapa yulu, nilipanda nikikaa, muzee. Ngazi moja, halafu ngazi ingine."

Hakusema kwa uchungu. Alikuwa anajibu swali. Muzee Kasereka aliangalia lile vumbi kwenye sketi, akainuka, akafunga vifungo vya koti.

"Tushuke," akasema. "Wote."

Tulishuka, wajumbe wote, na daktari mmoja wa falsafa akiwa na kikombe chake cha chai mkononi, kwa sababu aliogopa kukiacha. Tulimsubiri Espérance chini. Alishuka jinsi alivyopanda, na hakuna aliyejua aweke wapi macho yake. Mkutano ukafanyika penye ukuta mfupi wa mawe karibu na lango, pikipiki zikipita, na tangu siku ile kamati yetu haikupanda ghorofani tena. Nimesikia ninyi mmerudishwa juu. Shukeni.

Nilimuuliza kwa nini halikalii benchi la njano.

"Mama, ile benchi minaiogopa," akasema. "Nikikaa pale, kila asubui batu wote watasema, ona, kilema amefika. Sikukuya hapa juu ya kuwa kilema wa promosyo, wa darasa yote. Nilikuya kusoma."

"Basi unataka nini?" daktari wa falsafa akauliza, na chai yake.

"Mutu mumoja aniwekee jiwe. Ni ile tu. Likae kati ya mawe ya wengine."

Alikuwa anaomba kitu kidogo kuliko benchi, kidogo kuliko mteremko, na ni kile kimoja tu ambacho sisi wenyewe tulikikataza. Kambale ndiye aliyejibu, mkono wake ukiwa juu ya kovu, wala hakujua kwamba ameupeleka pale.

"Hapana, mama. Ile sheria ni nyinyi muliandika, na ni nzuri. Leo tunamuwekea Espérance, kesho bandugu yake watasema na wao wako mbali. Kesho kutwa ya kwetu nao wataleta yao. Tutarudilia chukudu. Mi nilipasuliwa kichwa, nyinyi munasahau?"

"Ni mutu mumoja tu, Kambale," nikasema.

"Na ile siku ya chukudu, mama, ilianza na mutu ngapi?"

Msimhukumu. Mimi sikumhukumu. Kijana alikuwa anaogopa kitu cha kweli, na alikuwa na haki ya kukiogopa. Kazi ya kamati ingekuwa rahisi sana kama upande mmoja wangekuwa watu wabaya. Mara nyingi utakuta pande zote mbili ni watu wazuri walioumia mahali tofauti.

Mjumbe mmoja akataka tumwambie rekta atoe amri. Muzee Kasereka akatikisa kichwa. "Tukileta amri, jiwe litakaa siku mbili, halafu litapotea. Na sisi batu ya Goma, kupoteza jiwe kati ya mawe, nani atatushinda?" Wote wakacheka, hata Kambale kidogo, lakini jawabu halikupatikana. Watu wakatawanyika. Nilibaki na Espérance pale ukutani, anasubiri yule baba wa chukudu arudi tupu kutoka Birere.

"Mitiani iko karibu, mama," akaniambia taratibu. "Nikitoka hapa, sitarudia tena. Nitaikala ku hema na mama."

Nilimwambia asikate tamaa, kwa kuwa ndivyo watu wazima wanavyosema wakikosa la kusema. Nilirudi nyumbani nimejikasirikia. Kanuni yetu ya haki, tuliyoipigia makofi, ndiyo iliyokuwa imemweka dirishani.

Sasa sikieni la bomba. Kambale alikuwa amepanga chumba na kaka zake huku kwetu Majengo, nyuma ya kanisa, na bomba letu ni moja. Asubuhi ya Jumamosi nilimkuta kwenye foleni na bidoni zake, nami nikaweka yangu nyuma yake. Alinisalimia kwa adabu, akatazama pembeni, kama mtu anayeomba mvua inyeshe watu watawanyike. Mbele yake kulikuwa na bidoni moja iliyochujuka, imefungwa kitambaa chekundu kwenye mkono, mwenyewe hayupo. Kila foleni iliposogea, Kambale aliisogeza ile bidoni kwa mguu, halafu zake. Inasogea, anaisogeza. Hata hakuwa anaitazama.

"Ile bidoni ni ya nani?" nikamuuliza.

"Ya ule mama anauzishaka mikate pale. Ameenda kugeuza mikate yake, isiungue."

"Ni wa kwenu?"

"Hapana. Nazani ni wa Masisi."

Mimi ni mtu wa maneno, mnanijua. Lakini Muzee Kasereka alinifundisha kwamba kuna wakati mshauri anakunja mdomo wake kama kitenge na kuuweka kabatini. Nilinyamaza. Foleni ikasogea. Mguu wa Kambale ukainuka kuisogeza bidoni, ukasimama hewani. Akautazama mguu wake. Akanitazama mimi.

"Mama, we uko mubaya," akasema.

"Sikusema kitu, mwanangu."

"Ndjo maana."

Akaisogeza ile bidoni. Zamu yetu ilipofika alinijazia yangu, akanibebea mpaka mlangoni, akaondoka. Sikujua kama nimeshinda au nimempoteza.

Siku chache baadaye alisimama mbele ya darasa. Mimi na Muzee Kasereka tulikuwa tumekaa benchi la mwisho, mahali ambapo mshauri anapaswa kukaa. Kambale alisema amewaza sana. Espérance atawekewa jiwe, mbele, pembeni ya njia, pale magongo yanapopata nafasi. Lakini hataliweka ndugu yake, wala mtu wa kijiji chake, wala rafiki yake. "Mwenye kufika wa kwanza asubui, ni yeye ataweka jiwe ya Espérance, halafu ataweka yake," akasema. "Awe wa Beni, awe wa Masisi, awe wa kwa shetani. Hakuna mutu anajua kesho nani atatangulia. Sasa hakuna mutu atasema jiwe ni ya kwao."

Muzee Kasereka, aliyefundisha sheria maisha yake yote, alivua miwani akaipangusa. Yeye na sisi wote hatukuwa tumeliwaza lile. Darasani kukawa na manung'uniko. Msichana mmoja wa nyuma akauliza, "Na mi nikigonjwa?" Kambale akamwambia wataongea. Espérance alitoa mfukoni jiwe dogo jeusi alilolitia doa la rangi nyekundu ya kucha, akampa. Binti akasema asante kwa sauti ndogo sana, na Kambale akaliacha jiwe juu ya meza ya mwalimu, limngoje wa kwanza.

Mngependa niwaambie kwamba kesho yake mambo yalikwenda vizuri. Hayakwenda. Nilifika mapema na Muzee Kasereka kuona, na jiwe la Espérance lilikuwa pale pale mezani lilipoachwa jana. Aliyefika wa kwanza alikuwa amejisahaulisha, wa pili akamwiga wa kwanza, na benchi la mbele likajaa mawe. Hakuna aliyeinua macho. Kambale akaingia. Aliona meza, akaona benchi. Nilidhani atapiga kelele, na ningemsaidia. Alitembea hadi mbele. Jiwe lake mwenyewe lilikuwa mbele, pembeni ya njia, maana alikuwa amepita kuliweka akielekea kanisani misa ya asubuhi, katika giza, bila kutazama meza. Aliliinua, akalitia mfukoni. Akachukua lile la doa jekundu, akaliweka mahali pake. Halafu akatoka nje, akasimama dirishani kati ya waliochelewa, akafungua daftari ukutani.

Espérance alifika na vumbi la viazi kwenye sketi, somo limeshaanza. Alijielekeza dirishani kwa mazoea, na watu wakamwonyesha mlango. Akaingia. Aliyatafuta mawe kwa macho polepole, kama mtu asiyetaka kuonekana anatumaini. Akaliona lake. Alikaa, akalaza magongo chini ya benchi, akafungua kalamu kwa meno, akaandika. Aliandika bila kuinua kichwa mpaka mwalimu aliposema mwisho. Nililia, siwafichi, na Muzee Kasereka akanipa leso yake ambayo tayari ilikuwa imelowa. Akaelekeza macho dirishani kwa Kambale, akasema "Wasingya" kwa Kinande, lugha yao wawili, yaani asante, kwa sauti ambayo Kambale hangeweza kuisikia.

Kesho yake jiwe lilikuwa limewekwa kabla ya mawe yote. Na kesho kutwa. Sikuuliza nani aliliweka, na ninyi msiulize mambo ya namna hiyo, mtayaharibu. Espérance alipita mwisho wa mwaka, si kwa sifa kubwa, alipita. Benchi la njano tulilipeleka langoni, na walinzi wanalikalia hadi leo bila aibu yoyote.

Muzee Kasereka ametutoka sasa. Namkosa, hasa nikiona mtu mrefu mwenye koti kwenye jua. Mahema ya Kanyaruchinya hayapo tena, watu wametawanyika, na familia ya Espérance ilirudi kijijini, yeye akabaki kwa shangazi yake Birere mpaka amalize. Nami magoti yakanipeleka nyumbani, na siku hizi natembea na fimbo.

Juzi juzi alinialika kwenye utetezi wa kazi yake ya mwisho. Nilipanda pikipiki kutoka Majengo, nikakwama barabarani, nikafika nimechelewa. Mnazijua sherehe hizo: jamaa wamevaa vitenge vya sare, watoto wamebeba maua, unga uko tayari mfukoni wa kumwagia mshindi kichwani. Oditwari imejaa hadi mlangoni. Nilisimama kizingitini, mkono mmoja fimbo, mkono mwingine mfuko wenye kitenge cha zawadi, na jasho linaingia machoni, na sina mkono wa kulifuta. Miaka yote niliyomtetea yule binti, siku ile ndiyo nilijua ni nini kusimama hivyo.

Ndipo nikaliona. Mbele, pembeni ya njia, kati ya mabega ya watu, palikuwa na nafasi moja tupu, na juu yake jiwe dogo jeusi lenye doa jekundu, limefifia. Kijana nisiyemjua, hata nisingeweza kukisia kwao ni wapi, aliinuka akanishika kiwiko.

"Karibu, mama. Ni ya kwako. Mi ndjo nilifika wa kwanza."

Nilikaa. Nililishika jiwe mapajani muda wote Espérance alipokuwa akijibu maswali, amesimama kati ya magongo yake, hana karatasi hata moja mkononi, yote yako kichwani kama zamani. Walipotangaza kwamba amefaulu, oditwari ikalipuka, unga ukapanda hadi darini, nikapiga kelele kuliko wote. Kisha watu walipoanza kutoka nikafungua mfuko wangu, nikalitia jiwe ndani, niwe na kumbukumbu yangu nyumbani.

Yule kijana alikuwa bado amesimama pembeni yangu. Alinyoosha mikono yote miwili, kwa heshima, kama mtu anayepokea chakula.

"Pole, mama," akasema. "Unirudishie. Kesho asubui kuko mutu analingojea."